Kuipa Dirii ya Maigizo Sura ya Chuma Kilichochakaa

Majuma machache kabla ya Ijumaa Kuu, vikundi vingi vya vijana wa parokia jijini Mwanza huanza kuhangaikia mavazi ya askari wa Kirumi kwa ajili ya maigizo ya Njia ya Msalaba. Dirii hukatwa kwa maboksi au kwa sponji ngumu, chapeo huundwa juu ya kofia ya pikipiki iliyokwisha kazi, kisha kopo la rangi ya silva hufunguliwa na kila kitu hupakwa kwa mkupuo mmoja. Anayejitokeza barabarani ni askari anayemeremeta kama sufuria iliyotoka dukani. Silva yenyewe haina kosa. Kosa ni kuiachia kazi yote, ilhali chuma kilichovaliwa, kilichonyeshewa na kugongwa huwa na rangi nyingi juu ya bamba moja, na kila rangi imekaa mahali pake kwa sababu maalumu.

Mwongozo huu unahusu uso wa dirii tu. Unachukulia kwamba umbo limekwisha kukatwa na kuunganishwa, ama kwa boksi gumu, ama kwa sponji ya EVA, yaani ile inayotengenezea mikeka ya watoto ya kuunganisha vipande na soli za ndala. Vifaa karibu vyote vinapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi na kwa mafundi viatu.

Amua metali, kisha amua maisha yake

Kabla ya kufungua kopo lolote, amua dirii yako ni ya metali gani, kwa kuwa kila metali huchakaa kwa namna yake. Chuma hupata kutu ya kahawia na nyekundu. Shaba na aloi zake hazipati kutu hiyo. Hufifia, hugeuka kahawia iliyokolea, na penye unyevu hutoa ukoga wa kijani kibichi. Alumini hupauka na kuwa na weupe wa vumbi. Dirii ya mabamba ya askari wa Kirumi wa karne ya kwanza ilikuwa ya vipande vya chuma vilivyoshikiliwa kwa ndani na mikanda ya ngozi, na vishikizo na bawaba zake kwa kawaida vilikuwa vya aloi ya shaba. Kwa hiyo kutu itakaa kwenye mabamba na ukoga wa kijani utakaa kwenye vishikizo. Ukivichanganya, hata mtazamaji asiyejua kemia atahisi kwamba kuna jambo haliko sawa, ingawa hataweza kulitaja.

Uamuzi wa pili ni kiasi cha uchakavu. Hapa ndipo wengi wanapopitiliza, kwa sababu kupaka kutu ni raha na mkono hautaki kusimama. Askari aliye kazini husafisha silaha zake. Angesimama mbele ya Pilato na kutu mwili mzima, angekuwa wa kwanza kuchapwa viboko. Kwa askari wa namna hiyo inatosha kutu kidogo kwenye maungio, mikwaruzo mifuani na mabegani, na matope kwenye ngao ya muundi. Kutu ya kutapakaa iwekee vazi la mzimu, la jeshi lililoshindwa, au la silaha zilizofukuliwa ardhini.

Baada ya hapo nenda ukaangalie kutu halisi. Mwaloni wa Kirumba, soko la samaki la ufukweni, ni mahali pazuri kuliko picha yoyote: tazama misumari ya mitumbwi ya mbao, ambayo kila mmoja umetiririsha mstari wa kahawia kuelekea chini; tazama minyororo, ambayo hung'aa pale pete zinaposuguana na kuwa myeusi kwingine kote; tazama mapipa, ambayo huanza kuoza kwenye ukingo wa chini panapotuama maji. Angalia pia kwamba vitu vya hapa mara nyingi vina madoa na michirizi kuliko magamba mazito, kwa kuwa maji ya ziwa ni baridi na hayana chumvi inayokula chuma cha Pwani kwa kasi. Piga picha kwa simu na uziweke karibu unapofanya kazi.

Jeraha hutangulia rangi

Alama zinazopaswa kuwa na kina zikatwe, zisichorwe. Kwenye sponji, pitisha wembe kwa pembe ili utoe kijipande chembamba chenye umbo la V, halafu pasha moto sehemu hiyo. Mkato utajifungua na kuwa na midomo, kama inavyotakiwa kwa pigo la upanga. Kwenye boksi hutapata mkato mzuri, kwa hiyo bonyeza kwa mgongo wa kijiko ili upate bonde.

Kwa kupasha moto, mashine ya kupuliza hewa ya moto ndiyo bora. Pasipokuwa na mashine hiyo, jiko la mkaa linatosha: shikilia bamba juu ya makaa kwa umbali unaouvumilia mkono wako, lizungushe bila kusimama, na uliondoe mara uso unapoanza kung'aa kidogo, kwani hiyo ni dalili kwamba vitundu vya sponji vimejifunga. Ukiona moshi, umechelewa. Fanya kazi hii nje, na kamwe usiifanye karibu na gundi ya viatu au tina, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa urahisi sana. Kuunganisha na kupasha moto ni vizuri kuvifanya siku tofauti.

Sponji ikiwa bado ina joto, Mwanza inakupa zana ya bure. Okota jiwe la matale, yaani graniti, lenye uso mkwaruzo, kubwa kiasi cha kujaa kiganja, na ulibonyeze huku ukilizungusha. Chembe za jiwe zitaacha vishimo vidogo visivyo na mpangilio, vinavyofanana kabisa na vile ambavyo kutu huacha kwenye chuma. Fanya hivyo kwa makundi, hasa karibu na kingo za chini, na uache sehemu kubwa zikiwa laini. Bamba lililojaa vishimo kila mahali huonekana kama ukuta uliopigwa lipu.

Ribiti, yaani pini zinazoshika mabamba, zifanye kwa vifungo bapa vya shati vilivyogeuzwa nyuma mbele, au kwa matone ya gundi nyeupe ya maseremala yaliyoachwa yakauke. Matone hayo hupungua yakikauka, kwa hiyo ongeza tone la pili juu ya lile la kwanza.

Kuziba uso

Sponji na boksi hunywa rangi. Changanya gundi nyeupe na maji kwa vipimo sawa, upake tabaka la kwanza ili lipenye, kisha upake matabaka mengine matatu au manne ya gundi isiyozimuliwa sana, ukisubiri kila moja likauke hadi liwe angavu. Pitisha msasa laini, namba 240 au zaidi, kati ya matabaka mawili ya mwisho. Kwenye boksi usione uvivu wa kuziba kingo, maana ile mifereji ya ndani ya boksi ikionekana, hakuna rangi itakayomshawishi mtu kwamba anaona chuma.

Stairofomu nyeupe ya kufungia televisheni ina sharti la ziada. Tina na rangi nyingi za kupuliza huiyeyusha papo hapo, kwa hiyo kama umeitumia kwenye chapeo, lazima izibwe kabisa kwa gundi, pasiachwe hata tundu la sindano.

Weusi kwanza

Paka dirii yote rangi nyeusi isiyong'aa, ndani ya mikato, nyuma ya ribiti na chini ya kila ukingo. Rangi ya maji ya ukutani ndiyo inayofaa. Ukiikosa iliyo nyeusi, nunua oksaidi nyeusi ya unga, ile inayochanganywa na saruji kwa ajili ya sakafu, uikoroge katika gundi nyeupe iliyozimuliwa. Weusi huu ndio utakaobaki kuwa kivuli cha kudumu pale ambapo silva haitafika, na ndio unaofanya bamba lionekane zito. Anayeuruka kwa kuona unapoteza muda hulazimika baadaye kuchora vivuli kimoja kimoja kwa brashi ndogo, na bado havitulii.

Chagua aina ya rangi kwa kufikiria yatakayofuata. Rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya rangi ya maji iliyokauka bila shida. Lakini rangi yenye tina kali ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa, ile ya chini hukunjamana na kuinuka, na hapo hakuna dawa isipokuwa kukwangua. Kwa ajili hiyo, matabaka yote ya chini yawe ya maji.

Kuitoa metali kutoka gizani

Silva inayouzwa kwa ajili ya mabati na mageti ni unga wa alumini ndani ya mafuta, na alumini ni nyeupe kuliko chuma. Itie giza kabla ya kuitumia: sehemu tano za silva kwa sehemu moja ya rangi nyeusi ya mafuta ni mahali pazuri pa kuanzia, nawe utaongeza au kupunguza kwa kuijaribu kwenye kipande cha sponji kilichobaki.

Chovya ncha tu ya brashi ngumu, halafu ifute kwenye gazeti mpaka ionekane kana kwamba haina rangi. Ipitishe kwa wepesi juu ya bamba, ukivuka mikato badala ya kuifuata. Rangi itashika sehemu zilizoinuka na kuacha mabonde yakiwa meusi. Kwa sehemu pana tumia kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, ukigusa na kuinua, bila kuburuta. Subira inahitajika zaidi hapa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa matabaka manne mepesi hutoa chuma, na tabaka moja zito hurudisha bati. Simama mara kwa mara, rudi nyuma hatua kumi, utazame kwa umbali ambao watazamaji watakuwa nao. Kinachoonekana kimezidi ukiwa umeinama juu ya meza mara nyingi ni haba barabarani.

Ipo njia nyingine ambayo kwa maoni yangu hutoa chuma bora kuliko silva yoyote, nayo ni unga wa risasi ya penseli. Sugua penseli laini za aina ya 6B au 8B kwenye msasa, kusanya unga wake, na uusugue kwa kitambaa cha pamba juu ya weusi uliokauka kabisa. Uso hupata mng'ao wa kijivu cheusi unaobadilika mtu anapogeuka. Ni kazi ya mikono na unga hauendi mbali, kwa hiyo itumie kwenye chapeo na bamba la kifua, kisha ufanye kwingine kwa silva iliyotiwa giza. Wapo wanaopasua betri za redio wakitafuta unga mweusi wa bure. Huo si unga wa penseli. Ni mchanganyiko wenye kemikali zinazobabua ngozi, na haufai kabisa kwa vazi linalogusa mwili.

Mwisho wa hatua hii, chukua silva safi isiyotiwa giza na uiguse mahali ambapo chuma husuguliwa kila siku: ukingo wa bamba la bega unapogusana na bamba jingine, ukingo wa chapeo unaposhikwa na vidole, ubavu unaosuguliwa na mkono unaotembea, na pale ala ya upanga inapogonga paja. Kama huwezi kusema ni nini kilichopasugua mahali fulani, paache.

Uchafu wa mabondeni

Zimua rangi ya maji ya kahawia iliyokolea, au nyeusi yenye kahawia kidogo, kwa sehemu moja ya rangi na sehemu tano au sita za maji, na udondoshee tone la sabuni ya vyombo ili maji yasijikusanye kuwa shanga juu ya silva. Paka bamba moja kwa wakati, acha kwa dakika moja au mbili, kisha futa kwa kitambaa ukielekea chini, vile ambavyo mvua ingeshuka mtu akiwa amesimama. Kioevu kitabaki ndani ya mikato, kuzunguka ribiti na chini ya maungio. Anayefuta kwa kuzungusha mkono huacha mawimbi ambayo hayafutiki machoni.

Kutu yenyewe

Oksaidi nyekundu ya sakafu ni oksidi ya chuma, jamaa wa karibu sana wa kutu yenyewe, na ndiyo maana hakuna rangi ya dukani inayoishinda. Tengeneza vikombe vitatu: oksaidi nyekundu iliyotiwa nyeusi hadi iwe kahawia ya giza, oksaidi nyekundu peke yake, na oksaidi nyekundu iliyochanganywa na ya njano hadi ielekee chungwa. Kila kikombe kizimuliwe kwa gundi nyeupe na maji. Kwenye kile cha giza ongeza majivu yaliyochekechwa, ili kiwe na chengachenga.

Anza na giza, kwa sponji iliyochanwa ovyo, katika vile vishimo ulivyovibonyeza kwa jiwe na kwenye kingo za chini. Nyekundu ifuate ndani ya eneo hilo hilo, ikiwa ndogo kuliko ya kwanza. Chungwa iwe haba kabisa, kwa kuwa inawakilisha kutu changa, na kutu changa hupatikana pale tu ambapo maji yametuama karibuni: chini ya ribiti, kwenye kona ya maungio, ndani ya mkato wa upanga. Kisha chukua brashi nyembamba yenye kioevu cha nyekundu, iguse chini ya ribiti mbili au tatu, na uvute mstari kuelekea chini unaozidi kufifia. Ile misumari ya mitumbwi ya Kirumba ndiyo mwalimu wako hapa. Usivute mstari kwenye kila ribiti.

Kwa anayetaka kutu isiyo ya kuigiza, wachomeleaji wa mageti huacha unga mweusi wa chuma chini ya grenda zao, na wengi watakupa ukiomba kwa adabu. Fungia sumaku ndani ya kipande cha nailoni, uipitishe juu ya unga huo, na ukivua nailoni chuma kitadondoka, mchanga wa jiwe ukiwa umebaki ulipotoka. Paka gundi nyeupe mahali unapotaka kutu, nyunyiza unga huo juu yake ukiwa umevaa barakoa, ubonyeze kidogo, uache ukauke, halafu upulizie siki iliyotiwa chumvi. Kutu huanza kujitokeza ndani ya saa chache na hukolea ukirudia. Ikifika kiasi unachotaka, ifute kwa kitambaa chenye maji safi na uikaushe juani. Siki isikutane kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwani vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Vishikizo vya shaba vipakwe rangi ya dhahabu iliyotiwa kahawia, kisha kijani chenye buluu na nyeupe kidogo, kikiwa chepesi sana, kiachwe kwenye pembe na kifutwe juu. Mikanda ya ngozi haina haja ya kutengenezwa. Mikanda ya mitumba ya soko la Mlango Mmoja inafika ikiwa imekwisha kuchakaa.

Jua la utosi, mvua na wadudu wa ziwani

Mwanza iko takriban digrii 2.5 kusini mwa Ikweta, na mwezi Machi jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Mwanga huo hushuka kando ya bamba la kifua na kuzidisha vivuli vya mabonde uliyoyatengeneza. Kwa maigizo ya ukumbini yenye taa za mbele, mabonde hayo hupoteza sehemu kubwa ya kivuli chake. Yasaidie kwa brashi: weusi mwembamba chini ya kila ukingo wa bamba, na mstari wa silva safi juu ya ukingo wa bamba linalofuata. Kwa maigizo ya nje ya adhuhuri, nusu ya kazi hiyo inatosha.

Mvua ni jambo zito zaidi. Ijumaa Kuu huangukia kati ya tarehe 20 Machi na 23 Aprili, yaani ndani ya masika. Gundi nyeupe iliyolowa hulainika na kugeuka maziwa, na oksaidi iliyoshikwa na gundi hiyo itamtiririkia askari hadi magotini. Kwa hiyo dirii nzima ifungwe kwa vanishi ya mafuta isiyong'aa, matabaka mawili mepesi, upande wa ndani pia. Vanishi ing'aayo huharibu yote, kwa sababu huifanya kutu imeremete sawa na chuma. Ukiwa nayo hiyo tu, ipake, iache ikauke siku nzima, kisha isugue taratibu kwa waya laini wa kusugulia vyombo kwenye maeneo ya kutu. Unga wa penseli usipakwe vanishi kwa brashi, kwani utavurugika. Upulizie kwa mbali, na ukubali kwamba mng'ao utapungua kidogo.

Wakati wa kukausha, epuka jioni karibu na ufuko. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa makundi hufuata taa, na rangi mbichi iliyowekwa chini ya balbu huwanasa kwa mamia. Kausha mchana, kivulini, penye upepo. Ukilazimika kufanya kazi usiku, kazi ifanyike chumbani na mlango ufungwe.

Matope na vumbi huja baada ya vanishi, wala havihitaji ustadi mwingi. Chekecha udongo kwa kitambaa cha nailoni, uchanganye na vanishi kidogo, na uutie kwenye ngao ya muundi na pindo la chini la dirii pekee.

Hifadhi dirii ikiwa imevalishwa kitu chenye umbo, kama ndoo au mto, mbali na dari ya bati, kwa kuwa joto la mchana chini ya bati hulegeza sponji na kupanua maungio. Siku ya maigizo beba kikombe kidogo cha weusi, kingine cha silva iliyotiwa giza, na sponji mbili. Dirii ikikwaruzika hadi sponji ikaonekana, weusi ndio unaotangulia, na silva huguswa juu yake dakika chache baadaye.